Dirisha Lililopewa Jina Mapema

Neno lilikuwa moja tu: *baridi*. Munyiva alilikuta asubuhi kwenye dirisha la kompyuta ambalo hakuwahi kuandika ndani yake chochote, na ofisi ilikuwa imelala imefungwa.

Ilikuwa 1994, katika duka la jumla la dawa la Kanubhai, Hurlingham. Munyiva, karani wa hapo, alikuwa amejifunza programu ya kuigawa skrini moja kuwa madirisha mengi: unabonyeza vitufe, unahama hili kwenda lile, jioni unayaacha yakiendelea ndani ya kompyuta kubwa, kesho unayaita, yanarudi ulivyoyaacha. Aliipanga programu hiyo kama mtu anavyopanga jiko lake. Kila dirisha alilipa jina: Barua, Maagizo, Bandari. La mwisho lilikuwa tupu. Mimba yake ilikuwa kubwa na furaha imemjaa, akalipa jina la marehemu mama yake, jina alilomwekea mtoto tumboni: Mwelu.

Hapo ndipo alipoteleza. Kwao Ukambani mtoto hapewi jina kabla ya kuzaliwa. Jina likitangulia, huitikiwa na yeyote aliye karibu. Aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini mashine ni mashine, alijiambia.

"Ni wewe uliandika hii kitu?" alinong'ona Daksha, binti wa Kanubhai, akilitazama lile neno.

"Si mimi. Nilidhani ni wewe."

Kengele ya mashine ikalia, na chini ya skrini likatokea jina la dirisha linaloita: Mwelu. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikajaa chumbani. Munyiva akalifunga lile dirisha, likarudi, akalifunga tena, na kila lilipofungika mtoto tumboni alitulia tuli, na liliporudi alicheza, huku vitufe vikididimia bila kidole cha mtu na maneno yakijipanga mbele ya macho yao, *mama fungua mama baridi mama*, mpaka Daksha akachomoa waya wa skrini ukutani.

"Imekufa?"

"Hapana," Munyiva alisema akilia. "Umezima skrini tu. Madirisha yako hai huko ndani."

Nyumbani Kangemi, mama mkwe alimsikiliza bila kumkatiza. "Ulishampa jina huyo wa dirishani, mwanangu. Usimnyang'anye. Wetu tutamtafutia lingine." Munyiva alilia kama aliyefiwa na mama yake mara ya pili, kisha akakubali. Alitaka mtoto aishi.

Akajifungua salama. Siku ya jina, mama mkwe alimwinua mtoto: "Wewe ni Mutheu." Wakashangilia.

Mchana Daksha akaja na nguo za mtoto, uso umechangamka. "Munyiva, good news! Lile dirisha limeenda. Leo asubuhi limejifunga lenyewe, na sasa hata ukiliita halirudi."

Munyiva alishukuru, akamkaribisha chai. Wageni walipoondoka, alimwinamia mtoto.

"Mutheu," alinong'ona. Mtoto hakutikisika.

Alijua haifai. Lakini moyo ulikataa kutulia.

"Mwelu?"

Macho yakafumbuka, yakamtazama moja kwa moja, na vidole vidogo, baridi kama maji ya mtungi, vikashika kifua chake. Munyiva akatazama mlangoni kama kuna anayemwona. Kisha akafungua blauzi, akamnyonyesha.