Kocha Asiitwe Nyumbani

Nyumba ile ina kelele mbili. Ya kwanza ni cherehani ya mama. Ya pili ni binti yake wa miaka tisa, anayeitwa Chiriku kwa jinsi anavyoongea. Anaongea akila, anaongea akivaa, hata mswaki ukiwa mdomoni anaongea. Baba yake, seremala, husema kwamba siku akinyamaza wataita daktari.

Aliponyamaza hawakuita daktari. Walidhani ana usingizi.

Chiriku alikuwa anajifunza kuogelea kwenye bwawa la manispaa. Mafunzo yalikuwa ya bure kwa watoto wa shule, na kocha alisifiwa kila kona. Alikuwa mcheshi, na wazazi wote aliwajua. Alimpa Chiriku miwani mipya ya kuogelea. Mama alifurahi, akamshonea kocha shati la kumshukuru.

Kisha mtoto akaanza kuumwa tumbo. Likiuma ni siku ya bwawa, kesho yake limepona. Baba alisema ni uvivu, maji ya asubuhi yana baridi. Bibi, mama yake baba, alisema ni minyoo, akaleta dawa. Chiriku akaimeza bila neno. Hapo ndipo mama alipoingiwa na wasiwasi, maana mtoto yule hubishana hata na uji.

Jioni moja mama alikuwa anamsuka. Mtoto akasema bila kugeuka, "Kocha ananibakiza stoo wenzangu wakitoka. Anafunga mlango, ananifuta maji yeye mwenyewe. Amesema nisimwambie mtu, atafukuzwa kazi."

Mikono ya mama ikasimama. Kumfuta mtoto maji ni kosa? Mbona yeye humfuta kila siku? Lakini mlango unafungwa wa nini? Na siri ni ya nini? Akamuuliza hivi, akamuuliza vile. Ana hakika? Labda kocha alikuwa anatafuta taulo? Kila jibu lilikuwa fupi kuliko lililotangulia. Baba aliporudi naye akauliza upya. Bibi akauliza mbele ya wote, chakula kikiwa mezani. Mwishowe mtoto akasema amesahau, huenda haikuwa hivyo.

Sasa hakuna aliyejua ashike lipi.

Bibi alikuwa na dawa moja ya kila ugomvi. Waliokosana huwakalisha kwenye benchi moja, watazamane, kila mtu aseme lake, aliyekosa aombe radhi, chai iletwe. Amepatanisha wanawe hivyo, na majirani, na hata fundi bomba na mteja wake. Akaamua kocha aitwe Jumamosi, na mtoto aseme mbele yake. Baba akakubali. Mama hakukubali wala hakukataa. Alirudi kwenye cherehani, akashona mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia.

Gauni lile lilikuwa la kazi, la muuguzi wa zahanati anayekaa mtaa wa nyuma. Alipokuja kulichukua alilitazama, akacheka.

"Dada, huyu uliyemshonea mikono yake imepandwa kinyume."

Mama hakucheka. Alianza kuomba samahani, akajikuta anasimulia habari yote. Muuguzi akavuta kiti, akauliza kama mtoto ana maumivu au jeraha, kwa sababu ikiwa hivyo ni hospitali kwanza. Mama akasema hana lolote. Ndipo Bibi akatoka chumbani na kumweleza mpango wa Jumamosi.

"Bibi yangu, benchi lako ni la watu waliogombana," muuguzi alisema. "Hawa hawakugombana. Mmoja ni mtu mzima, na mwingine ni mtoto aliyeambiwa afiche. Ukimkalisha mbele yake, atafunga mdomo kabisa. Na kocha atapata nafasi ya kumtisha na kupanga maneno yake."

Baba alikuwa amesimama mlangoni na randa mkononi. "Na kama tunamsingizia mtu wa watu? Ushahidi hatuna. Mtoto mwenyewe amegeuza maneno."

"Amegeuza kwa sababu mmemuuliza watu watatu, akadhani jibu la kwanza halikuwapendeza. Kutoa taarifa si kuhukumu, kaka. Unapeleka maneno ya mtoto kama alivyoyasema, huongezi, hupunguzi. Kuchunguza kuna watu wake."

Baba akauliza kama haitoshi kumnong'oneza meneja wa bwawa. Muuguzi akasema hapana, meneja anaweza kulimaliza kimyakimya. Waende kwa afisa ustawi wa jamii, au kwenye dawati la watoto polisi. Na mtoto asiulizwe tena. Aambiwe tu kwamba amesikika, anaaminiwa, na hana kosa. Asiahidiwe kwamba itabaki siri.

Bibi alinung'unika kwamba siku hizi hata chai ni hatari. Lakini kocha hakuitwa.

Mama alimwambia binti yake maneno yale. Chiriku akauliza:

"Kocha akifukuzwa, itakuwa kwa sababu yangu?"

"Akifukuzwa, ni kwa alilolifanya yeye, mwanangu. Wewe umesema tu."

Kesho yake walikwenda. Afisa ustawi alikaa na mtoto kwenye chumba chenye viti vifupi, hakumharakisha. Polisi wakaanza uchunguzi. Meneja wa bwawa alisema kocha ni mtu wao wa siku nyingi. Afisa akamjibu kwamba hilo hakuliuliza. Anauliza kwa nini mtu mzima amejifungia na mtoto stoo. Kocha akasimamishwa. Sasa kila somo lina watu wazima wawili, mlango wa stoo una kioo, na watoto hufundishwa kwamba mtu mzima hapaswi kuwapa siri ya kuwaficha wazazi.

Chiriku amerudi majini na mwalimu mwingine. Lakini mtaani maneno hayakukosekana. Mteja mmoja alichukua kitambaa chake akisema hashonewi na wanaoharibu majina ya watu. Uchunguzi ulikuwa bado unaendelea, na baadhi ya siku mama alijiuliza kama alifanya sawa.

Alasiri moja mwanamke asiyemfahamu alisimama mlangoni, amemshika binti yake mkono. Hakuwa na kitambaa. Macho yalikuwa mekundu.

"Wangu naye alikuwa kwa kocha yule," alisema. "Jana ameniambia jambo. Sijui nianzie wapi. Nimeambiwa wewe unapajua pa kwenda."

Mama hakumuuliza mtoto lolote. Alimpa maji, akazima cherehani, akatafuta viatu vyake.

"Napajua," alisema. "Twendeni."