Kitambaa Chini ya Gauni la Hospitali

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia chumba cha kusukia, akaosha vitana na kupanga vigoda vya wateja. Jina hilo alipewa na wateja wenyewe, maana mdomo wake haukujua likizo. Mama yake alikuwa msusi, na ususi si lelemama. Mteja anakaa chini, msusi anainama juu ya kichwa chake kutwa nzima, anagawa nywele, anavuta, anafunga, mpaka jua linazama yeye bado amepinda.

Kiuno kilikuwa kikimsumbua mama kwa muda mrefu. Kwanza alisema ni uchovu, kisha akasema ni baridi. Siku moja, alipotaka kuinuka, mguu wa kushoto ukafa ganzi, akamdaka mteja mabegani ili asianguke.

"He! Leo shoga umenipenda mpaka unanikumbatia?" mteja akatania.

Watu wakacheka, na mama akacheka nao. Chiriku aliona jasho likimtoka mama usoni, akaingiwa na hofu. Tangu baba afariki walibaki wawili tu, na mikono ya mama ndiyo iliyowalisha. Mama akishindwa kusimama, angesukaje?

Jirani yao, dereva wa gari la wagonjwa, ndiye aliyeleta habari njema. Katika hospitali kuu kulikuwa na madaktari waliokuwa wakifanya utafiti kuhusu maumivu ya kiuno. Walitaka kujua kwa nini pingili za chini za uti wa mgongo hulegea kwa baadhi ya watu, na tiba ipi inamfaa nani. Aliyekutwa na tatizo hilo angetibiwa na kufuatiliwa na madaktari hao hao.

"Ila sikiliza, dada," jirani alisisitiza. "Siku ya kipimo usimeze dawa ya maumivu, wala usijifunge kitu kiunoni. Wanataka kuuona mgongo jinsi ulivyo."

Mama akaitikia vizuri kabisa. Loo! Asubuhi ya kwenda hospitali, alimwita Chiriku chumbani, mkononi ameshika kitambaa kirefu.

"Nifunge hapa kiunoni. Kaza!"

"Lakini mama, si jirani alisema..."

"Nilimsikia, masikio ninayo. Unataka niingie mbele za watu nimejikunja kama ndoana? Kaza, mwanangu. Na leo huo mdomo wako nao uufunge."

Chiriku akaweka goti mgongoni mwa mama, akavuta, akapiga fundo. Mama akameza na vidonge viwili, akajinyoosha, wakaondoka.

Hospitalini walipokewa na daktari mtafiti, dada mpole mwenye miwani. Juu ya meza yake kulikuwa na mfano wa uti wa mgongo wa plastiki. "Pingili zimepangana hivi, moja juu ya nyingine," alieleza. "Moja ikilegea, huteleza mbele mtu anapoinama. Ikibana mishipa ya fahamu, mguu hufa ganzi."

Mama akabadili nguo nyuma ya pazia, akavaa gauni la hospitali, na kitambaa akakiacha pale pale chini yake. Akapigwa picha za eksirei amesimama, akapigwa ameinama mbele, akapigwa ameegemea nyuma.

"Unasikia maumivu, mama?"

"Sijambo, daktari. Tunamshukuru Mungu."

"Na ganzi mguuni?"

"Ah, kidogo tu, si neno."

Daktari alizitazama picha kwenye kompyuta, kisha akatabasamu. "Pingili zako zimetulia, mama. Hazisogei hata ukiinama. Basi hatutakuingiza kwenye matibabu yetu, maana huyahitaji."

"Ahsante, daktari," mama akasema kwa sauti ndogo.

Chiriku akamtazama mama. Akinyamaza, mama angerudi nyumbani na sifa ya uzima na mgongo ule ule mbovu. Akisema, angemwaibisha mama aliyemzaa. Akamgeukia daktari.

"Daktari, mama amejifunga kitambaa. Nilimfunga mimi. Na amemeza dawa."

"We mtoto!" mama akafoka.

Daktari hakukemea. Alimsaidia mama kufungua lile fundo, akawaomba warudi kesho yake bila kitambaa na bila vidonge. Njia nzima mama alimnunia Chiriku, naye akalia akitazama pembeni.

Siku ya pili mama aliinama akishikilia kitanda, akapiga ukelele wa maumivu. Daktari akawaita waone picha. Hata Chiriku aliona: pingili moja ilikuwa imeteleza mbele ya iliyo chini yake, kama tofali lililopangwa na fundi mwenye haraka.

"Tungekuacha uende," daktari akasema, "huenda mguu huu ungepoteza nguvu kabisa."

Mama akajishika mdomo. Akamvuta Chiriku, akamkumbatia mbele ya daktari.

Hakupasuliwa. Mtaalamu wa mazoezi alimfundisha kukaza misuli ya tumbo na mgongo, naye mama akafanya mazoezi hayo kila siku, hata alipochoka. Vigoda vikauzwa, vikanunuliwa viti virefu ili mteja akae juu na msusi asiiname. Miezi ikapita. Ganzi ikapungua, mwishowe ikaisha.

Siku ya kipimo cha mwisho, mama alimshika daktari mikono yote miwili. "Sijui nikushukuru vipi, mwanangu."

"Mshukuru binti yako," daktari akajibu. "Utafiti hauwezi kumsaidia mtu anayetuficha maradhi yake. Kama tungeandika kwamba u mzima, tungekukosea wewe, halafu tungemkosea na msusi mwingine tusiyemjua, atakayetibiwa kwa yale tuliyojifunza kwako. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua."

Mama akamgeukia Chiriku, macho yamejaa machozi.

"Siku ile nilikufokea mbele za watu, na leo nakuomba radhi mbele za watu. Nilimwogopa anayeniangalia kuliko ugonjwa ulio mwilini mwangu. Ukiumwa, sema. Ukimwona mwenzako anaficha, msemee kwa wanaoweza kumsaidia, hata akikununia. Ahsante, mwanangu."

Chiriku, kwa mara ya kwanza maishani, alikosa la kusema. Mama akamshika mkono, wakarudi nyumbani kwa miguu.