Kopo Lililonuka Siki

Kilichoibiwa hakikuwa ng'ombe wala dhahabu. Kilikuwa kopo la bati, bapa kama sinia, na ndani yake mlikuwa na filamu moja kuukuu inayonuka siki.

"Lilikuwa hapa," alisema Zoubeiri, akigonga kizingiti cha dirisha. "Jana alasiri nililiacha hapa. Leo asubuhi halipo."

Inspekta Mchangama alilitazama dirisha. Halikuwa na nondo. Mkono wowote ungeweza kuingia.

Chumba kile zamani kilikuwa ghala la vanila, kuta zake nene, sakafu yake baridi. Baada ya vita vikuu Shirika la Kimataifa la Maji Safi lilikikodi lipate pa kutunzia filamu na mikanda ya sauti ya pwani yote ya Madagaska, kuanzia Nosy Be mpaka hapa Mahajanga. Zoubeiri ndiye aliyekuwa mtunzaji. Kila asubuhi aliyapangusa makopo, akayageuza moja moja, kama mama anavyomgeuza mtoto mchanga ubavu.

"Mbona hili lilikaa dirishani, na wenzake wote wamepangwa rafuni?"

"Lilikuwa mgonjwa, bwana."

"Filamu inaumwa?"

"Inaumwa sana. Joto likiipata, huanza kutoa harufu ya siki. Ikinuka siki, ujue inaoza. Na inaambukiza! Nikaitenga ipate hewa, kama mtu mwenye tetekuwanga. Wewe juzi ulipita nje, hukuisikia harufu?"

"Zoubeiri, unanijua."

Zoubeiri akainamisha kichwa kwa aibu. Mahajanga nzima ilijua. Pua ya Mchangama ilikufa kwa homa, udogoni, kule Mahabibo. Ilibaki usoni ya kushikilia miwani tu. Wezi wa mjini walimwita Mbwa wa Polisi Asiye na Pua, ingawa waliosema hivyo mara nyingi walisemea gerezani.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Bwana Verdier, mkurugenzi, Mfaransa mwekundu, shati limemganda mgongoni.

"Kopo halina miguu!" alifoka kwa Kifaransa. "Jumamosi ya wiki ijayo wakubwa wanakuja kutoka Ulaya. Hiyo ni filamu ya kwanza ya Shirika, na nakala ni hiyo moja! Isipopatikana, huyu," akamwelekezea Zoubeiri kidole, "atalala gerezani. Ufunguo anao yeye."

"Mwenye ufunguo haibi kupitia dirishani, bwana," alisema Mchangama.

"Basi nitafutie anayeiba kupitia dirishani!" Verdier akatoka. Mlango ukalia tena.

Zoubeiri alikuwa amekauka kama dagaa. Mchangama akamwekea kiti.

"Nani huingia humu?"

"Mimi. Bwana Verdier. Na Bi Koulsoum wa achari, akileta chakula cha mchana."

"Mwizi ameyaacha makopo mapya yanayong'aa, akachukua bovu. Basi hakutaka bati. Alitaka kilichomo. Mna nini?"

"Jiko chafu."

"Mna nini?"

"Jiko chafu, bwana. Filamu ilipigwa Hell-Ville, kule Nosy Be, miaka mingi nyuma. Mwanamke yuko jikoni, mtungi wa maji uko wazi, viluwiluwi vya mbu vinaogelea. Filamu haina sauti. Mimi ndiye nitakayesema kwenye kipaza sauti: 'Hili ni jiko chafu. Huyu ni mfano mbaya.' Nimekuwa nikijizoeza wiki nzima."

"Mwanamke gani?"

"Hajulikani. Amepaka liwa usoni, zito, hadi kwenye nyusi. Yanaonekana macho tu, na mwiko."

"Mwiko?"

"Hauachii kabisa."

"Nani alikuwa mkalimani siku ile?"

"Mzee Mroivili. Bado yuko Hell-Ville."

*

Inspekta alipanda meli ya pwani, akatapika hadi Analalava, akapumzika, akatapika tena. Watu husema mgeni hukijua kisiwa cha Nosy Be kwa pua kabla ya macho, kwa namna mlangilangi unavyonukia. Mchangama alishuka Hell-Ville, akavuta pumzi kifua kizima. Akapata hewa.

Mzee Mroivili alikuwa barazani kwake, amevaa kofia ya kushonwa, anaparuza muhogo.

"Kwezi, mzee," Mchangama alimwamkia Kingazija.

"Mbona, mwanangu," mzee akaitikia salamu. "Karibu. Polisi, au mkwe?"

"Polisi."

"Afadhali. Wakwe hukaa sana."

Wakazungumza Kingazija kidogo, Kifaransa kidogo, kama wafanyavyo watu waliokulia bandarini.

"Unamkumbuka mwanamke wa mwiko? Wa filamu ya maji?"

Mzee akajishika shavu la kushoto, kana kwamba shavu limekumbuka kabla yake.

"Namkumbuka."

"Mlimwambia filamu ni ya nini?"

"Mzungu wa kamera aliniambia: mwambie tunamtaka awe mfano mbaya."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia, wanakutaka uwe mfano."

"Na mbaya?"

"Mbaya nikaimeza."

"Kwa nini, mzee?"

"Mwanangu, alikuwa ameshika mwiko! Na wali wake ulikuwa karibu kuiva."

"Ikawaje?"

"Akafurahi mno. Akaoga, akapaka liwa, akafagia uwanja mpaka kuku wakakosa pa kuparua. Mzungu akaja juu: jiko limekuwa safi, sasa tupige nini? Ikabidi tuazime mtungi wa jirani, wenye viluwiluwi, tuuweke mlangoni kwake."

Mchangama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mtungi mchafu haukuwa wake?"

"Wake ungeweza kujitazama uso ndani. Anaitwa Koulsoum binti Ansoifa. Aliolewa Mahajanga. Achari yake..." Mzee akafumba macho. "Ulimi wangu unaiota mpaka leo. Na shavu pia, maana baadaye aliuona mtungi. Nikamwambia ni wa pambo."

*

Mchangama alirudi nyumbani kubadili shati. Mkewe, Halimati, alimpokea kwa kikapu.

"Baba Hassane, ukipita mtaani Tsaramandroso ninunulie achari ya embe kwa Koulsoum. Ananinyima tangu Ijumaa. Mtungi mkubwa upo, nimeuona kwa macho yangu. Ati haujaiva! Huo mtungi una embe au mimba?"

Inspekta akasimama, mkono mmoja ndani ya shati, mmoja nje.

"Tangu Ijumaa?"

"Tangu Ijumaa."

Kopo liliibiwa Alhamisi. Akachukua askari wawili, na kikapu pia, maana Halimati alikuwa anatazama.

Nyumba ya Bi Koulsoum ilikuwa chumba kimoja cha kulala na viwili vya achari. Mitungi imepangwa ukutani, midogo kwa mikubwa: ya ndimu, ya embe, ya pilipili. Askari wa kwanza alichungulia, akapiga chafya, akatoka. Wa pili alivumilia kidogo, kisha naye akatoka analia kama aliyefiwa. Inspekta alibaki amekaa raha mustarehe. Kila mja ana neema yake.

Bi Koulsoum akaja na sahani. Alikuwa mnene sasa, ana kilemba cheupe, na mwiko mkononi.

"Karibu, Inspekta. Halimati hajambo?"

"Hajambo, dada. Analalamika tu. Anataka ya mtungi ule mkubwa."

"Haujaiva."

"Nionjeshe hivyo hivyo."

"Utaumwa na tumbo."

"Dada, mimi sina pua, na ulimi wangu ni nusu. Mbichi na mbivu kwangu ni ndugu."

"Siyo ule!" alisema Bi Koulsoum, na mwiko ukapanda.

Lakini siri ya mtungi aijuaye ni kata, na Inspekta alikwisha kuitumbukiza kata. Akaiinua. Juu yake kulikuwa na ukanda wa njano, mrefu, unateleza, unachuruzika siki. Ulifanana na embe iliyokatwa vizuri, ila embe haina matundu pembeni.

Akauvuta. Ukaja. Akauvuta tena. Ukaja tena. Akasimama, akarudi nyuma hadi mlangoni, anavuta. Akatoka uwanjani, anavuta. Na ukanda bado unatoka mtungini. Askari waliacha kulia wakaanza kuhesabu mikono. Mchangama akauinua juani. Picha ilikuwa ikibambuka kama ganda la nyanya iliyochemshwa, lakini mahali pamoja palionekana kivuli cha mwanamke, na mkononi mwake mwiko.

Akautazama mwiko wa kwenye picha. Akautazama mwiko wa Bi Koulsoum. Yote miwili ilikuwa imemeguka pembe.

"Dada, keti."

Bi Koulsoum akaketi. Mwiko ukashuka magotini.

"Uliingiza mkono dirishani?"

"Niliingiza."

"Kwa nini?"

"Nilileta chakula. Zoubeiri ametundika shuka ukutani, anajizoeza maneno yake. Nikaona jiko langu! Mkono wangu! Mwiko wangu! Nikasema moyoni, Koulsoum, leo ndiyo siku yako, si walikwambia wewe ni mfano? Ndipo nikasikia. Jiko chafu. Mfano mbaya. Mimi! Mtungi ule haukuwa wangu, wallahi!"

"Najua."

"Unajua?"

"Mroivili ameniambia."

"Shavu lake lingali lipo?"

"Lipo. Linakusalimu."

"Na ile sinema waionyeshe wapi? Hapa hapa, uwanja wa Tsaramandroso! Mbele ya Bi Hadjira, anayetaka kumposea mwanawe binti yangu Nadjati! Mwanamke yule akiingia kwa watu hupitisha kidole juu ya mlango kutafuta vumbi. Angekaa pale aone jiko la mkwewe lina mbu? Posa ingevunjika kabla shuka halijashushwa."

"Uso wako ulikuwa na liwa. Nani angekujua?"

"Mwiko huu anaujua kila mtu aliyewahi kudokoa kwangu."

Hilo Inspekta hakulibisha.

"Basi, dada, kama ni aibu, kwa nini hukuichoma? Moto ulikuwa nao, mafuta unayo."

Hasira ilimtoka Bi Koulsoum yote, akabaki mama wa kawaida, amechoka.

"Na mama yangu je?"

"Mama yako?"

"Yumo. Kule mwishoni. Marehemu Ansoifa, anamwogesha mtoto wa jirani, anacheka. Hakuwahi kupigwa picha nyingine hata siku moja. Kaburi lake liko Nosy Be na mimi niko huku. Siku ile ukutani alicheka kidogo tu, mara Zoubeiri akazima taa. Ningemchoma mama yangu?"

"Ukamtia siki."

"Nilifungua kopo, nikanusa. Siki! Nikasema, kumbe! Wazungu na kisomo chao chote, wanahifadhi watu kama sisi tunavyohifadhi embe. Lakini siki yao, Inspekta! Imepoa, haina nguvu, imekwisha kukauka. Mama yangu angeharibika mle. Nikamwongezea ya kwangu, kali."

"Na bizari?"

"Inazuia wadudu."

"Na pilipili?"

Bi Koulsoum akajifuta jicho kwa ncha ya kilemba.

"Alikuwa anaipenda."

*

Zoubeiri alipoitwa na kuona, alikaa chini vumbini bila kutafuta kiti. Kisha akarukia mtungi kama mtu anayeokoa mtoto kisimani.

"Maji safi! Mabeseni! Msisugue, akina mama, msisugue, hii ni picha si sufuria!"

Mtaa mzima ulikuja. Ukanda ukaoshwa pole pole, ukatundikwa kwenye kamba ya nguo, kutoka mpapai hadi jikoni, ukabanwa kwa vibanio vya nguo. Zoubeiri alipita chini yake akitazama picha moja moja, na jasho linamdondoka.

Siki ilikuwa imekula safu za nje, pale mwanzo wa filamu. Jiko, mtungi wa kuazima, viluwiluwi, vyote vilibaki kwenye beseni, rangi ya uji. Lakini safu za ndani zilikuwa zimekazwa vizuri kwenye gurudumu lake, na siki haikufika.

"Nani yumo humu?" aliuliza Bi Koulsoum, hathubutu kutazama.

"Bibi mmoja," alisema Zoubeiri. "Wa njano kidogo. Anacheka."

Kesho yake Mchangama alisimama mbele ya meza ya Bwana Verdier.

"Imepatikana?"

"Imepatikana, bwana. Ilikuwa na maradhi ya siki. Ilichukuliwa na mtu mwenye ujuzi mrefu wa siki. Sehemu imepona."

"Mwizi ni nani? Nataka taarifa kamili!"

"Nitaandika kamili. Niweke na habari ya mtungi wa viluwiluwi, namna Shirika lilivyouazima kwa jirani? Wakubwa wa kutoka Ulaya watapenda kuisoma."

Bwana Verdier akalichukua kopo mkononi mwa Inspekta. Akalifungua, akalifunga upesi, macho yanamtoka machozi.

"Taarifa fupi inatosha," alisema.

Jumamosi, baada ya swala ya isha, uwanja wa Tsaramandroso ulijaa hadi juu ya kuta. Wageni wa Ulaya walikaa mbele, kwenye viti. Nyuma yao Bi Hadjira, mkavu kama fimbo, na ubavuni mwake Bi Koulsoum, mwiko mapajani. Nadjati alijificha nyuma ya mgongo wa mama yake, anauma ukucha.

Mashine ikanguruma. Shuka likawa la njano. Akatokea bibi amechutama, amemshika mtoto anayepiga teke maji, anamwogesha, na anacheka na kamera kana kwamba anaijua tangu utotoni.

Bi Koulsoum aliukumbatia mwiko wake.

Zoubeiri alikuwa na karatasi yake mkononi, maneno yale yale, maana Bwana Verdier alikataa yabadilishwe. Akaisoma kimoyomoyo. Akamtazama Bi Koulsoum. Akautazama mwiko. Akakisogeza kipaza sauti.

"Huyu," alisema, sauti ikaenea uwanjani, "ni mfano."

Na neno la pili akalimeza.

Bi Hadjira aliikazia picha macho membamba muda mrefu.

"Ni nani yule?"

"Mama yangu."

"Hm." Kidole chake, kile cha kutafutia vumbi, kilipapasa hewani, kisha kikatulia. "Anaogesha vizuri. Hata nyuma ya masikio."

Huko mbele mgeni mmoja alikuwa amejifunika leso puani, na wa pili anapiga chafya. Joto la mashine lilikuwa limeanza kuichemsha filamu. Bwana Verdier akageuka, akamnong'oneza Inspekta kwa hasira:

"Inanuka nini hapa?"

Mchangama akavuta pumzi kifua kizima, kwa uaminifu wote wa afisa aliyekula kiapo.

"Mimi, bwana," alisema, "sisikii kitu."