Picha ya Nyakong Ukutani

Kila asubuhi Josline alifungua duka lake mtaa wa Nyakuron, akafagia mbele, akapanga mikate. Siku hizo alifanya kazi huku akichungulia barabarani. Ayak, jirani na rafiki yake tangu Josline alipohamia Juba kutoka Uganda, hakuwa amekanyaga dukani kwa siku nne. Josline hakujua amemkosea nini, na moyo haukumtulia.

Ukuta wa duka ulikuwa na rangi mpya ya manjano. Kampuni ya sabuni iliupaka bure. Katikati walimchora msichana mwenye miguu mitupu, kama alivyo kwenye pakiti za sabuni hiyo, na chini yake maneno: "Nunua sabuni, mpe mtoto viatu." Msichana huyo alikuwa Nyakong, binti wa Ayak. Josline alipomtambua alifurahi mno. Hata kanisani aliwahimiza akina mama wanunue sabuni ile. Aliamini kwamba Ayak ameulizwa, na kwamba hakuachwa mikono mitupu.

Siku ya tano uvumilivu ulimwishia. Alifunga duka akaenda kwa Ayak. Alimkuta akifua. Nyakong alikuwa amejikunyata ndani, ingawa ilikuwa siku ya shule.

"Mama Nyakong, mimi iko na kosa gani kwako?" Josline aliuliza.

Ayak hakuinua kichwa. "Mtoto hataki shule. Wenzake wanamwita Miguu Mitupu. Na njia ya shule inapita kwa ukuta yako."

"Mimi nilidhani walikuuliza."

"Nani aliuliza mimi? Walikuja kanisani na kamera na soda. Wakamwambia avue viatu. Hiyo viatu nilinunua mimi, Josline. Niliuza chai mwezi mzima."

Josline aliona aibu, akakosa pa kutazama. "Malesh," alisema, na akaomba radhi tena na tena. Ayak aliendelea kufua.

Njiani alimpitia Adut, aliyekulia Kenya na sasa anawafundisha wenye maduka haki za wanunuzi. Adut alichukua pakiti ya sabuni ile aliyokuwa nayo nyumbani, akaisoma pande zote, kisha akaeleza polepole. Si vibaya kampuni kusaidia watoto na kujitangaza, alisema, lakini iseme inatoa kiasi gani, na inampa nani. Tena picha ya mtoto isichukuliwe kabla mzazi hajaelezwa itatumika wapi, naye akubali.

"Hapa wameandika 'sehemu ya mapato,'" alisema. "Sehemu gani? Hata pauni moja ni sehemu. Waulize viatu vimefika shule gani. Kama vimefika, hawatashindwa kujibu."

Kesho yake Waiswa, wakala wa kampuni, alileta katoni za sabuni. Josline alimuuliza jina la shule. Waiswa alicheka, akasema hayo ni mambo ya ofisini, Josline auze tu. Kisha akamkumbusha nani aliupaka ukuta wake.

"Basi rudi na katoni zako," Josline alisema. "Ukuta nitapaka mwenyewe. Siku utaleta jina ya shule, na mtoto wa watu ametoka kwa pakiti, tutaongea."

Waiswa aliondoka amenuna. Josline alibaki na hofu, kwa sababu hakuna kitu kilichokuwa kikitoka dukani kama sabuni ile. Hata hivyo Jumapili alisimama kanisani, akawaambia akina mama kwamba aliwapotosha, akawafundisha maswali ya Adut. Muda si muda wenye maduka wengine nao walikuwa wakimbana Waiswa.

Mwezi uliofuata zilikuja pakiti mpya. Hazikuwa na picha ya mtoto. Zilikuwa na jina la shule na idadi ya viatu. Josline alimpigia simu mwalimu mkuu kwanza, akahakikisha vimefika. Ndipo akaagiza.

Lakini ukuta haukungoja hayo yote. Jumatatu ile, siku moja tu baada ya kusimama kanisani, Josline alitoka na ndoo ya chokaa. Ayak, aliyekuwa amemsikia kanisani, alikuja na Nyakong aliyevaa sare ya shule. Msichana aliutazama ukuta, kisha akaomba brashi.

Alianza na ile miguu mitupu. Alipomaliza, alipangusa chokaa iliyodondokea viatu vyake, akaenda shule.