Paswedi Niliyomnyima Mama Brightness

"Nilikupa, Mama Brightness. Umeipoteza wewe."

Maneno hayo niliyatamka mimi, kwa mdomo wangu, huku namwangalia mama wa watu usoni... na yalikuwa uongo mtupu.

Nitukaneni tu kwenye koment, nastahili. Ila someni kwanza mpaka mwisho.

Naitwa Elimringi. Ni fundi kompyuta, nina kibanda changu hapa Babati mjini, upande wa Bagara.

Mama Brightness, mteja wangu, anakaa Singe, hapa hapa Babati. Kazi yake ilikuwa kusikiliza sauti za wazee wanaoongea Kiiraqw, zilizorekodiwa na mradi mmoja wa Arusha. Anaziandika kwa Kiswahili, anatuma. Laptop yake ilikuwa imechoka, Windows inachukua nusu saa kuwaka, virusi vimejaa tele.

Nikamshauri tuitoe Windows, tuweke Linux, mfumo mwingine wa bure na mwepesi.

"Hiyo Linux haitanifutia kazi zangu?"

"Hapana mama. Nazihamisha zote kwanza, halafu nakurudishia."

Nikafanya hivyo. Mashine ikawa nyepesi, inawaka hujakaa vizuri hata kwenye kiti. Alifurahi mpaka akaniletea lita mbili za maziwa mgando.

Sasa ubaya wangu unaanzia hapa.

Linux ina paswedi ya msimamizi. Bila hiyo huongezi programu wala husasishi chochote. Hiyo niliiweka mimi, nikabaki nayo kichwani. Yeye nikamfungulia akaunti ya kawaida tu, na sikumwambia kama kuna nyingine.

Mafundi wananielewa. Mteja asiye na paswedi lazima arudi. Na niseme ukweli, nilipenda arudi. Kila mwezi anakuja kusasishiwa, tunapiga stori, ananiuliza nimekula nini kama mama yangu mzazi.

Mwaka mzima ukaenda hivyo, poa kabisa.

Ijumaa moja, saa nne na nusu asubuhi, akaingia anahema, laptop kaikumbatia kifuani.

"Fundi, mradi wamebadilisha programu ya kutuma kazi. Mwisho ni leo saa sita mchana. Nikitaka kuiweka inaniomba paswedi nisiyoijua. Na wamesema atakayechelewa, mkataba haongezewi."

Kazi ya dakika mbili, jamani! Ningebonyeza herufi kadhaa, yangeisha.

Lakini kibandani kulikuwa na Mwalimu Konstantini, anayefundisha kompyuta sekondari, na wateja wengine wawili. Mwalimu akanigeukia.

"Elimringi, inakuwaje mwenye mashine hana paswedi ya mashine yake?"

Wale wateja wawili nao wakanitazama. Nikasikia masikio yanawaka moto.

"Nilimpa, mwalimu. Nilimwandikia kwenye karatasi siku ile ile."

Mama Brightness akanitazama. Ndipo nikamwambia yale mliyoyasoma pale juu.

"Basi mwandikie tena," mwalimu akasema. "Mimi hiyo Linux siijui, la sivyo ningemsaidia."

"Mwalimu, mimi situnzi paswedi za wateja. Nimeshaisahau."

Mnaona nilivyojifunga mwenyewe? Nimeshasema nimesahau, sasa nitaiandikaje mbele ya macho yao?

Mama Brightness akainamisha kichwa.

"Ni kweli, mwalimu. Nimekumbuka, alinipa. Ni mimi na usahaulifu wangu."

Akatoka na laptop yake. Mimi nikajifanya nafungua printa ya mtu. Wateja walipoondoka nikapita mlango wa nyuma nisije nikakutana naye, nikaenda kula.

Mkataba haukuongezwa. Nilisikia kwa dereva bodaboda anayekaa jirani yake.

Wiki tatu nikaishi na hilo. Kila simu ikiita nadhani ni yeye. Hakuwahi kupiga.

Jumamosi moja nikajikaza, nikaenda Singe. Nikamkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Kaa."

Sikukaa.

"Mama, nimekuja kukiri. Ile paswedi sikukupa. Hakukuwa na karatasi yoyote."

"Najua."

"Unajua?"

"Kazi yangu ni kuandika maneno ya watu, neno kwa neno. Nitasahau karatasi ambayo sikupewa?"

"Sasa kwa nini ulisema nilikupa?"

Alimaliza hindi alilokuwa nalo, akachukua lingine.

"Ulikuwa mbele ya wateja wako. Ungeumbuka pale, nani angekuletea tena mashine yake? Nikaona nikusitiri. Nikajua wakishaondoka utaniita ndani uniandikie."

Akaendelea kupukuchua.

"Nilikaa hapo nje, kwenye benchi la fundi cherehani jirani yako. Nikawaona wateja wako wanatoka. Nikasubiri uniite. Saa sita ikafika, nikasogea kuchungulia ndani... hupo."

Jamani, nililia. Mwanaume mzima, kwenye uwanja wa watu.

Alinipa laptop bila kugombana. Nikamwandikia paswedi, nikamfundisha kusasisha na kuweka programu mwenyewe. Akajaribu mbele yangu, akaweza kwa mara ya kwanza. Hata hakuhitaji kurudia.

Nimeandikia mradi kueleza kwamba kosa lilikuwa langu. Hawajajibu.

Mafundi wenzangu, mteja asitoke mlangoni bila paswedi zake zote mkononi. Na ukishadanganya, sahihisha hapo hapo, hata kama utachekwa na kibanda kizima. Kuchekwa kungeisha jioni ile ile.

Mama Brightness hajakanyaga tena kibandani kwangu. Ana paswedi yake sasa, hana shida na mimi.