Rehani ya Reli

Nasra alikuwa na miaka saba na hakuwahi kumjibu mama yake, Faudhia, kwa Kiswahili. Alikielewa chote, hata umbea wa kwenye simu, lakini majibu yake yalikuwa Kiingereza kitupu, kama watoto wenzake wa maghorofa yale ya wahamiaji kule Dixon Road. Basi Jumamosi moja ya Januari 2012, Faudhia alipomwita mezani, mtoto alikuja taratibu, akaketi na kusema, "Ahsante, mwenyeji wangu. Nimekwisha kula."

Faudhia alicheka kwa furaha. Ndiyo, alifurahi, na baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Mama gani wa ughaibuni asingefurahi? Papo hapo alipiga simu Ujiji kujigamba. Bibi wa mtoto alimsikiliza mjukuu wake, kisha akauliza ni nani aliyemfundisha maneno ya kizee namna ile. Faudhia akasema ni damu tu hiyo. Hakujiuliza mtoto amekula nini, wala wapi.

Alikuwa akisomea shahada ya udaktari wa historia, peke yake na bintiye, mumewe akiwa Alberta kwenye visima vya mafuta. Utafiti wake ulihusu reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa Tanganyika, hasa ule upande ambao hausimuliwi sana. Habari za vibarua na za mataruma ya reli zilikwisha kuandikwa. Yeye alitaka mabwana wa Berlin waliokaa mezani. Mabenki yaliyoombwa mkopo yaligoma mpaka serikali ilipokubali kudhamini riba, na mabalozi nao wakanong'onezana na wenzao wa Brussels kuhusu nani atavuna biashara ya Kongo reli ikifika ziwani. Kila mtu alitaka mdhamini. Hakuna aliyemwamini mwenzake.

Wiki mbili kabla ya Jumamosi ile alikuwa amepata hazina. Mzee Kamrudin wa Pickering, mji wa jirani, mzaliwa wa Kigoma ambaye babu yake alikuwa karani wa wajenzi, alimwalika nyumbani na kumkabidhi mkoba wa ngozi uliojaa barua. Mzee alikuwa na haraka ya ajabu. Hata chai haikumiminwa. Alimwomba aupokee kwa mikono miwili, kisha atamke kwa kinywa chake kwamba ameipokea amana. Faudhia alilelewa kuwaheshimu wazee na kuujua uzito wa amana, akatamka. Alipokuwa akitoka aliona mlango wa chumba kimoja umefungwa kwa komeo la nje. Kuuliza aliona si adabu.

Sasa nyumba ilianza kunuka moshi wa makaa ya mawe. King'ora cha moto hakikulia, na fundi wa jengo alikagua kila tundu asikute kitu. Kisha zikaja kelele: chuma kikigongwa juu ya chuma, mchana kweupe, polepole, kama kuna watu wanaotandika kitu kirefu kisichokwisha. Faudhia alimshuku Spéciose, mama wa Kikongo kutoka Uvira aliyeishi ghorofa ya juu na bintiye Ariane. Alifanya kazi usiku ya kutunza wazee, na mchana ndio alikuwa nyumbani. Faudhia akapanda kumlalamikia.

Spéciose alimfungulia macho yakiwa mekundu kwa kukosa usingizi. Akasema kwa sauti ya chini, "Inatokaka kwako, mama. Miye nilifikiri uko unavunja ukuta." Akaongeza kwamba jana alimkuta Nasra kwenye ngazi, akiongea na ukuta kwa heshima kubwa, na ukuta ukikaa kimya kama mtu anayesikiliza.

Faudhia alishuka mbio hadi kwenye barua za Kamrudin. Ndani ya mkoba kulikuwa na karatasi moja aliyokuwa akiiahirisha, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Alikaa dirishani, theluji ikianguka nje, akaisoma kwa kidole. Iliandikwa na karani, babu wa Kamrudin. Alieleza kwamba Berlin haikutaka mgogoro wowote wa ardhi kabla ya mkopo kutolewa, na kwamba njia ya reli ilikata kilima chenye wenyewe, wasioonekana kwa macho. Mjumbe wa wajenzi akapanda kilimani kufanya mapatano nao kama anavyofanya na sultani yeyote, na chini ya karatasi yakawekwa maneno yao: *Tumeridhia chuma kipite. Watu wa benki wamepewa mdhamini, nasi tupewe wetu. Kila atakayeipokea amana hii kwa kauli yake, mtoto wake atakaa kwetu rehani, nasi tutakaa mahali pake.*

Alipiga simu Pickering. Alipokea mwanamke mwenye sauti changamfu, akajitambulisha kuwa ni Dolat, binti wa Mzee Kamrudin.

"Nililala sana," Dolat alisema. "Baba anasema ni miaka arobaini na mmoja. Kila siku namwuliza kwa nini mikono yangu imezeeka, ananiangalia tu."

Kisha ikasikika pumzi ya mzee. Faudhia alimwuliza kwa nini yeye, kwa nini Nasra. Kamrudin alilia, akasema Dolat alirudi siku ile ile Faudhia alipotamka. Alisema mkewe Gulbanu alikataa katakata kumtwisha mtu mwingine amana ile, na Gulbanu amefariki Septemba. Alimwonya asithubutu kuichoma ile karatasi, maana ikiungua mtoto harudi tena.

"Chukua mkoba wako, mzee. Naja sasa hivi."

"Sitaupokea," alisema. "Wewe ungefanya nini, binti yangu? Niambie."

Faudhia alikata simu, akageuka, na Nasra alikuwa ameketi kwenye kochi nyuma yake, mikono juu ya magoti, miguu isiyofika chini imetulia kabisa kama miguu ya mtu mzima anayesubiri ofisini, na moshi wa makaa ulikuwa mzito kiasi kwamba dirisha lilitiwa ukungu kwa ndani, na chini ya sakafu chuma kiligongwa, kikagongwa, kikasogea karibu, mpaka vijiko vikaanza kulia kabatini na yeye mwenyewe akajikuta amepiga magoti zuliani bila kukumbuka alipiga saa ngapi.

Akajadiliana. Miaka minne alikuwa amesoma namna watu wanavyojadiliana. Alijitoa yeye badala ya mtoto, kwa hati, kwa kiapo, kwa lolote wanalotaka.

"Karani alitupatia nafsi yake, tukaikataa," kilisema kile kilichokuwa ndani ya Nasra, kwa upole. "Kamrudin naye. Gulbanu alipiga magoti hivyo hivyo. Mzazi huzeeka, mwenyeji wangu. Rehani inayokaribia kufa itatufaa nini?"

"Mwanangu yuko wapi?"

"Kilimani. Analia kwa Kiingereza, na hakuna anayemwelewa."

Faudhia aliinamisha kichwa na kulia bila sauti. Hapo ndipo mlango ulipogongwa.

Alikuwa Spéciose, amevaa sare ya kazi, amemshika Ariane mkono. Aliomba radhi kwa kumsumbua. Wamemwita zamu ya ghafla, na hana mtu mwingine wa kumwachia mtoto mpaka asubuhi. Ariane alichungulia ndani na kumpungia Nasra.

Faudhia alimtazama yule mtoto kwa muda mrefu, miguu yake, nywele zake zilizosukwa vizuri.

"Ana miaka mingapi vile?" aliuliza.

"Saba, sawa na wako. Kwa nini, mama?"

Faudhia alijifuta uso, akatabasamu. Akawakaribisha kwa sauti tamu, akamwambia Spéciose aketi kidogo kabla hajaenda kazini, kuna mkoba anataka amwekee.