Ngoma Iliyokimbia

Kila asubuhi chai ya nyumba ile ilimwagika kabla haijanywewa. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Binti mkubwa alikaa tu mezani, anatafuna mkate huku anafunga vifungo vya shati la shule, na mguu wake wa kulia ulikuwa ukidundadunda chini ya meza bila mwenyewe kujua.

"Dada," mdogo wake alilalamika, "sasa mimi nishike kikombe au nishike meza?"

"Shika mdomo wako."

Mama yao alikuwa dobi. Alichungulia kutoka chumba cha mbele, pasi mkononi, nyuma yake mashati ya wateja yamening'inia. "We Cherehani! Huo mguu unashona nini tena leo?"

Jina hilo lilianzia hapo nyumbani, likamfuata mpaka shuleni.

Muhula huo mguu ulikuwa na sababu. Mwanafunzi aliyekuwa akipiga ngoma kubwa ya bendi alihamia shule nyingine, na mwalimu wa bendi akamkabidhi Cherehani fimbo. Ngoma kubwa ndiyo inayoshika mwendo wa kila mtu, na Cherehani aliipenda kuliko kitu chochote alichowahi kupewa. Tatizo lilikuwa moja. Watu wakimtazama, moyo ulimwenda mbio, na mikono ikaufuata moyo. Jumatatu bendi ilianza gwaride kwa mwendo wa heshima, ikamaliza uwanja kama watu wanaokimbia mvua. Wapiga tarumbeta waliishiwa pumzi. Watoto wa madarasa ya chini, kule nyuma, walikuwa wanatimua mbio kabisa.

"Tuko kwenye gwaride au tunafukuza mwizi?" mwalimu wa bendi aliuliza. Wote wakacheka, isipokuwa mmoja. Kisha mwalimu akasema kwa upole, na upole huo ndio uliouma: "Ijumaa wazazi wanakuja. Alhamisi ni mazoezi ya mwisho. Ukikimbia tena ukashindwa kurudi kwenye mwendo, ngoma nitampa Kobe."

Kobe alikuwa mpiga matoazi, mvulana asiyekuwa na haraka na jambo lolote duniani. "Mwalimu, mimi siitaki," alisema taratibu. "Ile ngoma nzito."

Jioni hiyo Cherehani alirudi nyumbani ameshika tumbo. Mama mdogo wake, mkunga hospitalini, alikuwa amepitia kuchukua sare zake zilizopigwa pasi. Alimlaza kwenye benchi la wateja, akambonyeza huku na huku, akamuuliza amekula nini, amelala vipi, nini kinamsumbua. Alipokwisha kusikia habari ya ngoma, alimshusha.

"Tumbo lako ni zima, mwanangu. Wasiwasi ndio umehamia humo. Nitakufundisha ninachofanya mwenyewe kabla ya zamu. Wengine wanaita taamuli, mimi naita kukaa na pumzi. Kaa wima bila kujikaza. Sikiliza pumzi inavyoingia puani na inavyotoka. Usiivute, usiisukume. Akili ikiondoka, irudishe."

"Basi tu?"

"Basi tu. Kila asubuhi kabla ya chai."

Cherehani aliitikia, ila yale maneno ya kuirudisha akili hayakumwingia. Alikuwa keshaanza kupanga namna ya kuwa bingwa wa kutulia.

Kulipokucha alifunga dirisha, akajaza pamba masikioni, akamkodolea macho mdogo wake. "Usipumue kwa nguvu. Natulia!"

"Wewe utulie, halafu mimi ndiye nisipumue?"

Akafumba macho, akauma meno, akaamuru kichwa kiwe kitupu. Papo hapo ikaja ngoma. Akaifukuza. Akaja Kobe. Akamfukuza. Likaja jaribio la hisabati, likaja swali kama mlango wa stoo ya bendi umefungwa. Alizifukuza fikra kama mtu anayefukuza kuku uani, huyu akitoka na yule anaingia, mpaka akasimama shingo imekakamaa na jasho linamtoka.

Mama mdogo alipopiga simu kuuliza, Cherehani hakutaka kuonekana ameshindwa. "Safi kabisa! Kichwa kitupu, kama ubao uliofutwa." Shuleni nako akajigamba: "Siku hizi sina wasiwasi. Nimepona."

Mazoezi ya Jumatano ngoma ilikimbia kuliko Jumatatu. Mwalimu wa bendi alisimamisha mazoezi. Alikusanya vifaa, akamtazama Kobe, kisha akaitazama ngoma.

Cherehani hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alimsubiri mama mdogo kwenye lango la hospitali, na alipotoka tu, akayamwaga yote. "Nimekudanganya. Kichwa changu hakijawahi kuwa kitupu hata kidogo. Kinajaa kama soko!"

Mama mdogo aliangua kicheko mpaka akafuta machozi. "Hata changu! Leo asubuhi nimekaa nitulie, nikajikuta nagombana na jirani aliyeazima ngazi yangu."

"Sasa ukafanya nini?"

"Nilipogundua nimeondoka, nikarudi kwenye pumzi. Nikaondoka tena, nikarudi tena, wala sikujigombeza. Kule kurudi ndiyo kazi yenyewe, mwanangu. Ungeniambia ukweli jana, ningekwambia hili jana."

Walipofika nyumbani walikaa pamoja kwenye benchi la wateja. Pasi ilikuwa inafuka mvuke, mteja analalamikia kola, mdogo mtu anaburuta kiti.

"Na hizi kelele?" Cherehani alinong'ona.

"Ziache. Hazikuja kukutafuta wewe."

Alhamisi bendi ilijipanga. Walimu wote walitoka kutazama, na Cherehani akapiga pigo la kwanza. Nusu ya kwanza ya uwanja ilikwenda vizuri. Kwenye kona akasikia mdundo umeanza kuponyoka. Siku nyingine hofu ingemsukuma zaidi. Safari hii aliitafuta pumzi, akaikuta ipo, akaiacha itoke mpaka mwisho, na pigo lililofuata akalisubirisha. Matoazi ya Kobe yakaingia mahali pake. Tarumbeta zikapoa. Karibu na lango mdundo uliponyoka tena, na tena akaurudisha. Kule nyuma watoto wadogo walikuwa wanatembea.

Mwalimu wa bendi alimjia. "Umekimbia mara mbili."

"Ndiyo, mwalimu. Nimesikia. Nikarudi."

"Umesikia mwenyewe?" Mwalimu akageuza macho kwa Kobe.

"Mimi nimeshasema," Kobe aliwahi, "ile ngoma nzito."

Bendi nzima ikacheka, Cherehani akiwemo.

"Kesho ngoma ni yako," mwalimu alimwambia, kisha akawageukia wote. "Sikilizeni. Kila mmoja wenu hushikwa na wasiwasi, hata mimi. Anayejifanya mzima hawezi kusaidiwa. Mwambie ukweli mtu mzima unayemwamini, halafu jizoeze kidogo kila siku kutulia na kurudi pale ulipopotea. Moyo hufundishwa kama mikono inavyofundishwa, na hauhitaji viboko. Mistarini! Tunaanza upya."

Cherehani aliinua fimbo. Alivuta pumzi, akaiacha itoke, akangoja miguu yote iwe tayari. Ndipo akapiga.